Mnaoanza kuendesha wageni, someni hili kabla hamjafika Naabi, geti la kuingilia Serengeti

Msimu huu nimekaa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nawaangalia vijana wetu wanarudia yaleyale. Magari yamebanana mpaka ukingoni mwa Mto Mara, nyumbu wanasogea wanarudi, wanasogea wanarudi, pale pa kushukia majini pamezibwa, halafu dereva anamwambia mgeni leo hawavuki. Watapita wapi sasa? Na hii ni baada ya ile video ya Julai 2025, wageni wameshuka kwenye magari wamesimama mbele ya nyumbu, nikadhani tumekoma. Wadogo zangu nawapenda sana ila kwa hili mnanichosha.

1. Sheria mwambie mgeni jioni kambini mkiwa kwenye msosi, sio mbele ya simba mzuka ukiwa umeshampanda, hapo hasikii mtu. Spidi Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mwambie mapema ili asikusumbue ukichelewa geti.

2. Usitoke nje ya barabara. Masika ule udongo mweusi ukiuchimba na tairi, wenzako wanafuata alama zako wakijua ni njia, msimu ujao imekuwa barabara kweli na nyasi hazirudi leo wala kesho.

3. Duma. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Ndutu, nyumbu wanazaa, na mnajua upande ule wa Ngorongoro kwenye msimu wake kutoka nje ya njia inaruhusiwa. Tukampata mama duma na watoto watatu, bado wana zile nywele za kijivu mgongoni, mama ameshamwekea jicho swala tomi. Mgeni wangu alikuwa na lenzi ndefu, anataka duma amjie usoni, na mimi ndio kwanza naanza kazi, nawaza tipu, nawaza bosi asikie mgeni amefurahi. Nikapiga hesabu duma atakimbilia wapi nikaenda kusimama hukohuko, na magari mengine yakaniona yakanifuata. Swala akasikia injini, akainua kichwa, akaondoka. Mama hata hakukimbia, alikaa chini akatuangalia, wale watoto wakaja kumnusanusa mdomo kama amebeba kitu. Ulikuwa unaweza kuzihesabu mbavu zake. Mchana akajaribu tena na sisi tupo tena. Mzee mmoja akaniita kwenye redio, "toa gari hapo mwanangu," basi, hakuongeza neno. Nilitoa nimeshachelewa, mpaka tunarudi kambini wale watoto hawakuwa wamekula. Jioni mgeni akanipa tipu nzuri na nikaipokea, na mpaka leo ile hela inaniuma.

Duma anawinda mchana kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, kwa hiyo zamu yake ndio hiyohiyo yetu. Utafiti wa Maasai Mara, kule Kenya, uliotoka 2018 ulikuta kwenye maeneo yenye watalii wengi mama duma anakuza kwa wastani watoto 0.2 mpaka wajitegemee, na penye watalii wachache anakuza 2.3. Soma tena hizo namba. Mgeni akikusukuma usogee, mpe hizo, wengi wakishazijua wanakuwa wa kwanza kukwambia rudi nyuma. Kaa mbali, zima injini, usikatize mbele yake, na usiingie kati yake na watoto. Wenzetu wa Maasai Mara wana utaratibu wa magari yasiyozidi matano kwa mnyama, umbali wa mita 25, na dakika kumi tu kama kuna wanaosubiri, utumie hata pale ambapo hakuna askari anayekuona.

4. Mnyama mwenye watoto wadogo usimtangaze kwenye redio mbuga nzima isikie. Najua tunasaidiana, na kesho wewe ndiye utakayeomba, ila mama na watoto hapana.

5. Mgeni akitaka kuchimba dawa njiani, tishu inarudi kwenye gari, weka mfuko wa taka pembeni ya siti na umwoneshe asubuhi kabla hamjaondoka. Na lanchi boksi pale Ngoitokitok, sehemu ya kulia ndani ya kreta ya Ngorongoro, kuleni ndani ya gari, wale mwewe wanachukua paja la kuku mkononi na kucha zinachana kweli, tabia hiyo wameipata kwa wageni wetu wanaowarushia chakula, na dereva yupo palepale anapiga picha.