Maswali na majibu: Kundi dogo la matundu matatu halithibitishi kipimo cha baruti

SWALI: Nina bunduki ya bolti ya .223 Remington na risasi zake huzijaza mwenyewe. Nilijaribu vipimo saba vya baruti, vyote ndani ya mipaka ya kitabu cha mtengenezaji, na kila kimoja nikakifyatulia risasi tatu kwa mita 100. Kwa vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) vya greni 55, greni ikiwa kizio kidogo cha uzito, kipimo kimoja kilitoa kundi, yaani mtawanyiko wa matundu kwenye karatasi, la milimita 12, lakini nilipokirudia kikatoa milimita 30. Vichwa vya greni 69 vilitawanyika vibaya, na baadhi ya matundu kwenye karatasi yalikuwa marefu. Je, nitafute baruti ya aina nyingine?

JIBU: Baruti iache kwanza. Maelezo yako yana matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba baruti ndiyo yenye kosa.

Tuanze na yale matundu marefu, maana hayo yanasema wazi. Kichwa kinachoruka sawasawa huingia karatasini kwa ncha na kuacha tundu la duara lenye ukingo wa kijivu. Tundu likiwa refu, ujue kichwa kilifika kikiwa kimeinama au kimelala ubavu. Chanzo chake karibu kila mara ni mifereji ya ndani ya mtutu kujizungusha polepole mno kwa urefu wa kichwa hicho. Bunduki nyingi za bolti za .223, hasa za zamani, zina mifereji inayokamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, yaani milimita 305. Mzunguko huo unakitosha kichwa cha kawaida cha greni 55 (gramu 3.56), lakini kichwa kirefu cha greni 69 huhitaji mzunguko wa inchi 10 au 9. Kinachoamua hasa ni urefu wa kichwa na si uzito wake, jambo ambalo Mwingereza George Greenhill alilitolea kanuni ya hesabu mwaka 1879, na ndiyo maana kichwa cha shaba tupu, ambacho huwa kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi cha uzito uleule, kinaweza kushindwa katika mtutu ambao kile kingine kinaruka vizuri.

Usikisie, pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, kisha sukuma kwa ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka kitambaa kinachobana vizuri ndani ya mtutu. Weka alama kwenye ufito, usukume hadi alama izunguke mara moja na kurudi juu, halafu pima umbali ambao ufito umesogea. Ukipata takriban milimita 305, achana na vichwa vya greni 69, kwa kuwa hakuna kipimo cha baruti kitakachovifanya vitulie katika mtutu huo.

Tatizo la pili ni la hesabu, na nalo ndilo linalowapotezea wajazaji wengi vichwa na baruti. Risasi tatu ni chache mno. Bunduki na risasi zilezile, bila kubadilika chochote, zikitoa makundi ya risasi tatu yenye wastani wa milimita 20, si ajabu hata kidogo kundi moja likawa milimita 12 na lingine 30. Kwa risasi kumi wastani huo hufika karibu milimita 32, kwa sababu kundi la risasi kumi kwa wastani ni kubwa kuliko la risasi tatu kwa takriban mara 1.6. Kwa hiyo ukilinganisha vipimo saba vilivyo sawa kabisa kwa ubora, ni lazima kimoja kitaonekana bora kwa bahati tu, nawe utakwenda nacho nyumbani ukiamini umepata ulichokitafuta. Nadhani hicho ndicho kilichokupata.

Kabla ya kujaza tena, kagua bunduki yenyewe. Skrubu za kitako na za vishikizo vya darubini zikazwe kwa kiwango alichotaja mtengenezaji, na kipande cha karatasi kipite bila kukwama kati ya mtutu na kitako ikiwa bunduki yako imeundwa mtutu usiguse mbao. Skrubu moja iliyolegea huharibu kundi kuliko tofauti yoyote ya baruti utakayoipima kwenye mizani.

Kisha rudi kwenye vichwa vya greni 55, chagua vipimo viwili au vitatu tu, ukianzia kile cha chini kitabuni, na kila kimoja ukifyatulie risasi kumi, mtutu ukipewa muda wa kupoa. Pima kila chaji, yaani baruti ya risasi moja, kwa mizani, kwani katika ganda dogo kama hili mabadiliko madogo ya baruti ni sehemu kubwa ya chaji nzima, na shinikizo hupanda haraka. Bolti ikiwa nzito kufunguka, au fataki (kiwashio kilicho chini ya ganda) ikiwa imebapa kupita kawaida, simama hapo hapo. Wala usidhani uko salama kwa kuwa dalili hizo hazijaonekana, maana mara nyingi huja baada ya mpaka kuvukwa.

Ukishapata kipimo tulivu, ndipo ushughulikie kina cha kichwa ndani ya ganda. Wengi huanza na nafasi ya nusu milimita hivi kati ya kichwa na mwanzo wa mifereji, ingawa magazini inaweza kukuzuia, kwa kuwa urefu wa juu wa kawaida wa risasi hii nzima ni milimita 57.4. Badilisha kina pekee, mengine yote yabaki yalivyo. Kichwa kisiguse mifereji kwa chaji iliyo karibu na kikomo, kwa sababu kugusa huko peke yake huongeza shinikizo. Makundi ya risasi kumi yakibaki makubwa hata baada ya hapo, badilisha aina ya kichwa kabla ya kubadilisha baruti, kwa kuwa mtutu huchagua kichwa kuliko unavyochagua sehemu ya kumi ya greni ya baruti.