Re: Kupima kemikali zinazodhuru mimba bila kutumia panya

Mkuu umeuliza kama inawezekana kupima bila kuua panya, inawezekana ila sio kila kitu. Kuna kipimo cha seli shina za kiinitete (seli za mimba changa kabisa, zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi), zinaoteshwa maabara na baada ya siku kama 10 zinageuka misuli ya moyo, kwenye hadubini unaziona kabisa zinadunda, sasa kemikali ikizuia zisidunde hapo lazima uishtukie. Ila mambo ya ugumba au kunyonyesha seli peke yake haziwezi kukuonyesha.

Na watu wasidhani panya ndo kipimo cha uhakika, thalidomaidi (dawa ya kutuliza kichefuchefu waliyopewa wajawazito) haiwadhuru panya kirahisi lakini ilizalisha maelfu ya watoto wenye mikono na miguu mifupi miaka ya 1950 na 1960, inauma sana.