Muulize Mama Wakili: Ibara zisizopelekwa mahakamani zina kazi gani?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu, Kanda ya Ziwa. Tulichanga mawe, mchanga na fedha taslimu, tukapandisha boma hadi usawa wa linta. Halmashauri ikaahidi kumalizia na kuezeka. Sasa bajeti ya tatu inapita, nyasi zimeota ndani ya chumba tulichosema kitakuwa cha kujifungulia, na wajawazito wanapandishwa bodaboda kwenda kata ya jirani. Nikachukua Katiba, nikakuta ibara ya 9 inasema utajiri wa Taifa uelekezwe hasa kwenye kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Nikafurahi, nikajua tumepata pa kushika. Mwanasheria mmoja mjini akanicheka, akasema ibara hiyo haipelekwi mahakamani, nisimalize nauli bure. Kama ni hivyo, iliandikwa ya nini?

JIBU: Marahaba. Mwanasheria wako hakukudanganya, ila alikuwa na haraka.

Ibara ya 6 hadi ya 11 zimo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza ya Katiba ya Tanzania ya 1977, yenye kichwa kirefu kama treni: Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo wa Shughuli za Serikali. Humo ndimo ilimoandikwa kwamba lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi (ibara ya 8), kwamba mali ya nchi itumike kwa manufaa ya wote na mtu asimnyonye mwenzake (ibara ya 9), na kwamba Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu na haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi au ulemavu (ibara ya 11). Kisha ibara ya 7(2) inakuja na kufuli: hakuna mahakama nchini yenye uwezo wa kuamua kama jambo lililotendwa au lililoachwa kutendwa, au hata sheria, inaendana na Sehemu hiyo. Mwanasheria wako aliishia hapo.

Angepandisha macho mstari mmoja tu angekuta ibara ya 7(1). Hiyo inasema Serikali, vyombo vyake vyote, na kila mwenye madaraka ya utawala, ya kutunga sheria au ya utoaji haki, ana wajibu wa kuzingatia, kutia maanani na kutekeleza masharti yote ya Sehemu hiyo. Soma tena: kutekeleza. Mkurugenzi wa halmashauri yenu yumo, diwani wenu yumo, mbunge yumo. Wajibu upo kamili, kilichoondolewa ni hakimu wa kuwabana. Mimi nimekaa na watumishi wa umma wengi, na wengi wao wanaijua 7(2) kwa moyo na hawajawahi kuisoma 7(1).

Kwa nini iliandikwa hivyo? Mtindo huu hatukuuanzisha sisi. Ireland waliuweka katika Katiba yao ya 1937, Uhindi wakauchukua kwa upana zaidi katika Katiba yao iliyoanza kutumika 1950, na kwetu ukaingia kwa marekebisho ya 1984, yaleyale yaliyotuletea Haki za Msingi. Hoja yake ni kwamba kugawa fedha za nchi ni kazi ya waliochaguliwa, si ya jaji ambaye hana Hazina wala kura ya mtu. Hoja hiyo siidharau. Ila kumbuka hali ya miaka ile: nchi ilikuwa hoi kwa madeni na maduka yalikuwa matupu. Hata hizo Haki za Msingi zenyewe, zilizopewa nguvu ya mahakama, zilicheleweshwa hadi Machi 1988 ndipo watu wakaruhusiwa kushtaki kwazo. Serikali iliyoogopa kushtakiwa kwa haki ya kutoa maoni isingekubali kushtakiwa kwa zahanati.

Sasa tufike kwenye boma lenu. Mahali pa kuitumia ibara ya 9 ni pale fedha zinapogawanywa, na kabla hazijagawanywa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio ya halmashauri hupita kwenye vikao vya madiwani mwanzoni mwa mwaka, miezi kabla ya Bunge kukaa Dodoma kuyapitisha ya nchi nzima. Wananchi wengi huamka wanapomsikia Waziri wa Fedha akisoma bajeti mwezi wa sita. Wakati huo meza imeshafutwa.

Kwa hiyo anza na mkutano mkuu wa kijiji. Suala la zahanati liwe ajenda yenye namba yake, lisiwekwe kwenye mengineyo. Muhtasari uandikwe kwamba wanakijiji, wakizingatia ibara ya 8(1)(b) na 9(i) za Katiba, wanataka ukamilishaji wa boma uwe kipaumbele cha kwanza, na uonyeshe thamani ya mawe, mchanga na fedha mlizochanga. Usiache hesabu hiyo nje. Halmashauri huona uchungu kidogo inapoonyeshwa kwa shilingi kile ambacho wananchi wameshalipa. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani asaini kuwa ameupokea.

Wakati huohuo mwandikie Mkurugenzi barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa siku 30 za kujibu. Usiandike malalamiko. Uliza maswali manne: ukamilishaji wa boma letu ulitengewa shilingi ngapi kila mwaka tangu ahadi ilipotolewa? Zilitoka ngapi? Kama hazikutoka, ni miradi gani ilipata fedha mwaka huo? Na nani aliamua mpangilio huo? Swali la tatu ndilo lenye pilipili. Mtajibiwa kwamba kuna ufinyu wa bajeti, na huenda ni kweli, maana sijaona halmashauri yenye bajeti pana. Lakini ibara ya 9(i) haisemi fedha ziwe nyingi. Inasema zilizopo zielekezwe wapi *hasa zaidi*. Kama mwaka ambao zahanati ilikosa bati palinunuliwa samani za ofisi na kulipwa posho za semina, basi tatizo ni mpangilio, na mpangilio unajadilika hadharani.

Kuna milango mingine miwili. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo upo kwa ajili ya miradi ya namna hii, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge wenu, kwa hiyo asiwaambie kwamba yeye si mtendaji. Pili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani bungeni kila Aprili. Ya serikali za mitaa hutaja miradi iliyokwama. Mkiiona halmashauri yenu humo, chapeni ukurasa huo na kuubandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

Na mahakama? Usiifute kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa wakiishi na jalala la jiji: moshi, inzi, harufu. Hawakwenda mahakamani na ustawi wa jamii wa Sehemu ya Pili. Mahakama Kuu ilisimama upande wao, na baadaye ilipokataa kuliongezea Jiji muda wa kuendelea kumwaga taka pale, ilishika ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha, ambayo imo Sehemu ya Tatu na haina kufuli. Jaji alishangaa kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki, nao wakashinda. Angalia tofauti lakini: wale waliiomba mahakama iizuie mamlaka isitende dhara. Nyinyi mngeiomba iiamuru mamlaka itende jambo na itoe fedha, na hapo majaji wetu hurudi nyuma. Kwa boma la zahanati mimi nisingekushauri uanze na kesi.

SWALI: Mama, ninasoma Chuo, Dodoma. Mhadhiri wetu anasema sisi ni nchi ya kijamaa kwa mujibu wa Katiba. Nikitoka nje naona benki binafsi, migodi ya wageni na shule za mamilioni. Nani anadanganya, Katiba au barabara?

JIBU: Mhadhiri wako yuko sahihi. Ibara ya 3 bado inaitaja Jamhuri kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na ibara ya 9 inataja siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, watunga sheria hawakuufuta ujamaa, na baadaye waliupanua. Ukienda ibara ya 151 utaona ujamaa unafafanuliwa kama misingi ya kujenga nchi kwa demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu na umoja. Kwa tafsiri hiyo hata mwenye benki anaweza kuingia mlangoni bila kuvua viatu.

Kigumu kukikwepa ni kipengele cha 9(j), kwamba shughuli za uchumi zisiendeshwe kwa namna ya kulimbikiza mali au njia kuu za uchumi mikononi mwa watu wachache binafsi. Hicho kimebaki kama kilivyo wakati wote wa ubinafsishaji, na kwa sababu ya 7(2) hakuna mahakama iliyoweza kukipima. Ukitaka mada ya tasnifu, chukua mkataba mmoja wa ubinafsishaji uliojadiliwa bungeni, soma kumbukumbu za mjadala, uhesabu ni wabunge wangapi walikitaja kipengele hicho. Kisha niandikie tena.

SWALI: Habari za kazi Mama Wakili. Mimi nipo Tarime, nina ndugu upande wa pili wa mpaka. Wao wanasema Katiba yao inawaruhusu kuishtaki serikali kwa kukosa maji na makazi. Kwa nini sisi hatuna?

JIBU: Njema. Ndugu zako wanasema kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja afya, makazi, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu kama haki za kila mtu, na zinadaiwa mahakamani. Kinachonivutia zaidi ni ibara ya 20(5): serikali ikisema haina fedha, ni juu yake kuthibitisha kwamba haina. Kwetu mwananchi anaambiwa fedha hazipo, basi anainuka na kwenda nyumbani.

Ila wasikupambie sana. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walivunjiwa nyumba mwaka 2011. Mahakama ya Juu, ambayo kwao ndiyo ya mwisho, ilitoa uamuzi Januari 2021, na jalada likarudishwa Mahakama Kuu ili ipange nafuu. Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ya tingatinga alikuwa darasani kitambo. Haki iliyo mahakamani ni bora kuliko isiyoingia kabisa, lakini haiezeki nyumba ya mtu kwa haraka.

Mimi nikiulizwa, 7(2) isingefutwa yote kwa mkupuo. Ningeanza na elimu, kama Uhindi walivyofanya mwaka 2002 walipoitoa elimu ya watoto wa miaka 6 hadi 14 kwenye orodha ya miongozo na kuifanya haki ya msingi. Kwetu elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016 kwa waraka wa Serikali. Ni jambo jema sana, lakini waraka ulioandikwa na wizara unaweza kufutwa na wizara. Mzazi wa Tarime hapaswi kutegemea waraka. Kisha ningechukua ile kanuni ya Kenya ya kuthibitisha ukosefu wa fedha na kuiweka kwa afya ya mama na mtoto. Mengine yangesubiri. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 bado haijapigiwa kura na wananchi, kwa hiyo nafasi ya kuyasema haya ipo.

SWALI: Nina shahada ya ualimu tangu 2019, sijaajiriwa. Katiba inasema nina haki ya kufanya kazi. Naweza kuishtaki Serikali inipe ajira?

JIBU: Hapana, mwanangu, na pole. Haki ya kufanya kazi imetajwa mara mbili: ibara ya 11, ambayo ndiyo ile ya kufuli, na ibara ya 22, ambayo unaweza kuipeleka Mahakama Kuu. Lakini ibara ya 22 inakulinda usizuiwe kufanya kazi, na ibara ndogo ya (2) inakupa fursa sawa, kwa masharti ya usawa, kushika nafasi katika utumishi wa umma. Haimlazimishi mwajiri kufungua nafasi.

Unachoweza kupigania ni usawa wa mchujo. Kama umeomba, una sifa zote, na una ushahidi wa maandishi kwamba nafasi alipewa asiye na sifa hizo, hapo una jambo la kuzungumza. Angalia tu kwamba marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aape jinsi suala hilo lilivyomgusa yeye binafsi, kwa hiyo tunza nakala za maombi yako, tangazo la nafasi na matokeo ya usaili. Kama bado umo katika umri wa vijana, pita pia ofisi ya maendeleo ya jamii uulize mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria kamili, na afisa akikwambia fungu limekwisha, mwombe akuonyeshe orodha ya vikundi vilivyopewa.