Raningi beki na mikataba mirefu NFL

Hapana kaka, hapo unaposema kwamba kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, raningi beki akikimbia vizuri misimu mitatu basi timu imfunge na mkataba wa miaka sita, mi sikubali. Raningi beki ndo anapewa mpira mkononi na kuingia katikati ya majitu ya kilo mia na ushee, kila wiki anagongwa mara ishirini, magoti yanaisha kabla hata hajafika thelathini. Angalia raningi beki Todd Gurley, 2018 timu yake ya Rams ikampa nyongeza ya miaka minne dola milioni 60, Machi 2020 wakamwacha. Ezekiel Elliott nae 2019 timu ya Cowboys ikampa miaka sita milioni 90, 2023 wakamtoa. Na hela ya mchezaji alieachwa inaendelea kula nafasi kwenye kikomo cha mishahara, kile kiwango cha juu timu inachoruhusiwa kulipa wachezaji wote, yani unamlipia mtu ambae hayupo wakati golikipa wako... samahani, kwotabeki wako, yule anaerusha mipira, hana wa kumlinda.

Ila sisemi wasilipwe, hapo ndo roho inaniuma, maana mkataba wa kwanza wa miaka minne ni hela ndogo na ndo miaka yao bora. Walipwe vizuri ila kwa muda mfupi, kama timu ya Eagles ilivyofanya kwa raningi beki Saquon Barkley 2024, miaka mitatu kama milioni 38, akakimbia yadi 2,005 msimu uleule na wakabeba Super Bowl, yani fainali ya ligi, tena wale walinzi wa mbele wanaomfungulia njia walikuwa moto kweli, bila wao hata Saquon angeumia tu