"Bibi, kwani Mungu ana kiberiti?"

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Kila jioni nasoma Biblia na mjukuu wangu wa miaka minane. Juzi tulifika Ufunuo 21:8, pale panapotajwa "ziwa liwakalo moto na kiberiti". Akanikatiza: "Bibi, kwani Mungu ana kiberiti? Na kama moto umeshawaka, kiberiti cha nini tena?" Nikamwambia alale. Yeye akalala, mimi usingizi ukaniruka. Nisaidie.
Bibi wa wajukuu watatu, Dodoma

JIBU: Shikamoo bibi. Huyo mtoto msimnyamazishe. Ameuliza jambo ambalo sisi watu wazima tumelisoma miaka na miaka tukalipita tu.

Kiberiti cha hapo si hiki cha dukani chenye njiti. Ni yale madini ya njano ambayo siku hizi tunayaita salfa. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na huko pia maana yake ni madini hayo. Njiti za kuwashia zilipobuniwa Ulaya katika karne ya 19, ncha zake zilichovywa kwenye kiberiti ili mti ushike moto upesi. Basi jina la madini likahamia kwenye njiti, kwa Waarabu na kwetu pia. Ila kwetu njiti imelimeza neno lote. Ukitaka kusikia maana ya zamani, msikilize mtu anayesema "kiberiti upele": hapo anataja madini yenyewe, kwa kuwa yalipakwa kutibu upele.

Mimi nimekulia Newala, kwenye mikorosho, na salfa naijua kwa pua kabla ya kuijua kwa Biblia. Maua ya korosho yakishambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, yanakuwa meupe kama yamepakwa unga na hayazai. Baba alikuwa anatoka alfajiri, umande ungali kwenye majani, kwenda kuipulizia salfa mikorosho, na akirudi nyusi zake ni za njano. Mwaka 1991 tulimwaga mabaki ya mfuko uliochanika kwenye shimo la takataka lililokuwa linawaka. Tulidhani hakuna kitu, maana mwali wa salfa ni wa buluu na mchana hauonekani vizuri. Nikainama kuchungulia. Ule unga ulikuwa umeyeyuka, umekuwa uji mzito unaotambaa chini ya shimo, na moshi wake ukanikaba koo hadi nikashindwa kumwita mama.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili la mjukuu wako. Kiberiti hakikuwekwa pale kuwasha moto; chenyewe ndicho kinachoungua. Kinayeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi, kupita kidogo tu maji yanayochemka, kisha kinatiririka huku kikiwaka. Ndiyo maana Yohana anasema ziwa, wala hasemi lundo au tanuru. Kila nikisoma mstari huo nakumbuka shimo letu.

Katika Agano la Kale la Kiebrania neno hilo, gofrit, limo mara saba. La kwanza ni Mwanzo 19:24, kiberiti na moto vikinyesha juu ya Sodoma na Gomora. Waandishi hawakulitoa hewani: kandokando ya Bahari ya Chumvi hadi leo vipande vya kiberiti huonekana ardhini, na Mwanzo 14 inataja mashimo ya lami katika bonde la huko.

Lakini mahali ninapotaka ukae na mtoto ni Kumbukumbu la Torati 29:23. Wengi tumefundishwa kwamba kiberiti ni alama ya watu kuchomwa, basi. Musa anazungumzia shamba. Nchi yote imekuwa kiberiti na chumvi, haipandwi, haizai, hata majani hayaoti. Kwa mkulima hiyo ndiyo hukumu yenyewe. Bildadi, rafiki wa Ayubu, naye katika Ayubu 18:15 anasema kiberiti kinatawanywa juu ya makao ya mwovu, na mstari unaofuata unataja mizizi kukauka chini na tawi kukatwa juu. Mimi mtoto wa korosho niliona ajabu sana kusoma hivyo, maana unga uleule kwetu ulikuwa unapulizwa ili mti uzae.

Zaburi 11:6, Ezekieli 38:22 na Luka 17:29 zinarudia mvua ile ya Sodoma kwa namna zake. Isaya 30:33 ni tofauti, na hapa mjukuu wako karibu apate: kuni zimeshapangwa tele, na pumzi ya Bwana, kama mto wa kiberiti, ndiyo inayoziwasha. Kwa hiyo akiuliza tena kama Mungu ana kiberiti, mwambie Isaya anasema pumzi yake inatosha.

Naomba pia niseme jambo linaloniumiza. Nimeshuhudia mwalimu wa shule ya Jumapili akiwasha njiti mbele ya watoto wadogo na kuwaambia, "Hiki ndicho kiberiti cha Mungu." Wawili walilia. Kwanza amekosea neno, na pili watoto wale walikwenda nyumbani wakiogopa jiko la mama yao.

Wewe fanya hivi. Jikoni, washa njiti moja, mkono wako ukiwa imara, naye asimame kando yako. Mwambie anuse mara tu inapolipuka, kabla kijiti hakijashika. Ile harufu kali ya mara moja, inayowasha pua, ni ya kiberiti chenyewe, maana hadi leo kimo kidogo kwenye kichwa cha njiti. Baada ya hapo utasikia harufu ya mti tu. Kisha zima, na kiboksi ukiweke juu ya kabati asikofikia.