Wasomaji Wanauliza: Riwaya au Vitabu vya Maisha ya Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu nimalize shule nimekuwa nikisoma riwaya peke yake, na sasa natamani vitabu vya watu walioishi kweli. Naomba unipendekezee vichache vya Kiswahili, hasa vinavyohusu Zanzibar, na uniambie bila kificho kipi kinastahili fedha yangu. Je, ninunue pia Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, anza na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba kinachosimulia jinsi binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ufukara na kuuza vyungu, alivyoingia mjini, akajifunza uimbaji, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti alifariki mwaka 1950, na mwandishi aliwahi kuzungumza naye uzeeni mwake, jambo linalokipa kitabu uzito ambao hakuna mwandishi wa leo anayeweza kuupata. Kasoro yake ni adabu iliyopita kiasi: mara kwa mara Shaaban Robert huacha kisa akatoa mawaidha, na anayetaka kujua ugomvi wa wanamuziki au hesabu za fedha zao atabaki na njaa.

Njaa hiyo, ajabu ni kwamba, huondolewa na riwaya. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inamfuata Rashidi, mtoto wa mchukuzi aliyefia kazini bandarini, ambaye naye anaingia ukuli na hatimaye anajikuta ndani ya mgomo wa mwaka 1948, uliotokea kweli Zanzibar. Rashidi ni wa kubuni, lakini kuhusu mzigo, ujira na dharau za wasimamizi utajifunza mengi zaidi humu kuliko katika wasifu wowote ninaoufahamu. Ni kweli kwamba wema wamekuwa wema mno na waovu waovu mno, na kwamba kuelekea mwisho wahusika wanahutubiana. Hata hivyo, ningelazimika kuchagua kimoja tu, ningechukua hiki. Ukimpenda mwandishi, endelea na Mbali na Nyumbani, anamosimulia mwenyewe safari za ujana wake; humo hahubiri, naye ni mcheshi zaidi.

Ikiwa fedha itabaki, tafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2022. Kisa kiko pwani ya bara na katika misafara ya biashara, si Zanzibar, lakini kijana Yusuf, aliyetolewa kwa mfanyabiashara kufidia deni la baba yake, hatakutoka akilini upesi.

Nagona iache kwanza. Ni fupi, lakini haina kisa kinachofuatika kwa kawaida, na anayeianza bila kumzoea Kezilahabi huishia kuirudisha rafuni. Badala yake nunua Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ambayo ilipigwa marufuku shuleni kisha ikaja kusomeshwa humo humo.