Maswali Yenu: Albamu ya Nyimbo za Wengine

SWALI: Ndugu mhariri, naimba katika bendi ya roki hapa Kampala na sasa natayarisha albamu yangu binafsi: nyimbo 6 za kurudia na kolabo 4. Wimbo mmoja wa Kiingereza nimeutafsiri kwa Kiswahili. Sauti ya mgeni wangu aliye Nairobi imefika ikiwa nyembamba kama ya mtoto, tena inakimbia mbele ya ngoma. Kosa liko wapi? Na nimlipe nani?
Msomaji, Ntinda

JIBU: Kwa dalili hizo, mgeni alirekodi kwa 44.1 kHz (sampuli za sauti 44,100 kwa sekunde) nawe unafanya kazi kwa 48. Programu isipoigeuza faili, sauti hukimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda kama nusu toni moja na nusu. Usiishushe kwa otochuni (programu ya kurekebisha sauti ya uimbaji), itakwaruza. Iingize upya na uigeuze iwe 48 kHz. Kuanzia sasa kubalianeni mapema: faili ya WAV (isiyobanwa) ya biti 24, bila mwangwi, kilele kisipite -6 dB, na faili ianze sekunde sifuri hata kama mgeni anaingia beti ya pili. Dakika 4 za mono ni MB 35 hivi. Usibane bando kwa kutuma MP3: huongeza ukimya kidogo mwanzoni, na sauti hubaki nyuma ya mdundo.

Malipo sasa. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukipiga upya kwa gitaa zako, unadaiwa na mtunzi au mchapishaji wake tu. Ukichopoa hata sekunde 3 za rekodi ya zamani, unahitaji ruhusa ya wote wawili, mtunzi na mwenye rekodi. Kwa watunzi wa hapa, anza kuulizia UPRS, chama kinachosimamia haki za watunzi wa muziki Uganda.

Tunachokiogopea ni huo uliotafsiri. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inampa mtunzi haki ya tafsiri, na leseni ya kawaida ya kurudia wimbo haigusi maneno mapya. Mwandikie mchapishaji, ambatanisha Kiswahili chako na maana yake kwa Kiingereza, mstari kwa mstari. Asipojibu kwa maandishi, uondoe kwenye albamu, hata kama ndio unaoupenda kuliko yote.

Kolabo zitiwe sahihi kabla mgeni hajafungua mdomo: asilimia za utunzi zifike 100, mmiliki wa masta (rekodi yenyewe) atajwe, jina la mgeni liandikwe atakavyo. Video iombewe ruhusa yake peke yake.